Kugawanya Bonde la Mto: Jinsi ya Kujua Maji ya Mvua Yametoka Wapi

Mafunzo kwa wakulima wa milimani

1. Neno la kwanza

Ndugu mkulima, mvua kubwa ikiisha kunyesha na mto ukafurika, watu wa chini hutazama mlimani na kusema, "Hao wa juu wametuletea maji." Nao watu wa juu hujibu, "Mvua ni kazi ya Mungu; sisi tumekosa nini?" Maneno hayo husemwa masika baada ya masika, wala hayajapata kuzuia hata debe moja la maji. Sababu yake ni kwamba pande zote mbili hunena habari za mlima mzima, kana kwamba mlima ni kitu kimoja. Lakini mlima si kitu kimoja. Una msitu na mashamba, una mwamba na udongo mzito, una upande wa mvua nyingi na upande wa mvua haba. Mtu asiyetenga vitu hivyo hawezi kujua maji yaliyovunja daraja yametoka wapi, wala hawezi kujua aanzie wapi kuyazuia.

Karatasi hii yafundisha jinsi ya kuligawanya bonde la mto katika vipande vidogo, kupima mvua ya kila kipande, na kukadiria maji yanayotoka katika kila kimoja. Kazi hii haihitaji vyombo vya thamani. Yahitaji kamba, mikebe, rula, daftari, na mtu mwenye macho mazuri na miguu isiyochoka upesi. Wataalamu wa maji wa siku hizi huifanya kwa kompyuta na kwa picha zilizopigwa kutoka angani, lakini msingi wa hesabu zao ni huu huu utakaousoma hapa.

2. Bonde la mto ni nini

Katika mazungumzo ya kila siku neno bonde humaanisha nchi ya chini iliyo kati ya vilima. Katika mafunzo haya lina maana pana zaidi. Bonde la mto ni nchi yote, tangu kilele hata ukingo wa maji, ambayo maji yake ya mvua hutokea mahali pamoja. Basi shamba lililo juu kabisa, ambalo mwenyewe hauoni mto akiwa amesimama ndani yake, lamo katika bonde la mto huo vilevile.

Tazama paa la nyumba ya bati. Mvua iangukayo upande huu wa mgongo wa paa hushuka mbele ya nyumba; iangukayo upande wa pili, hata ikiwa ni mbali kwa shubiri moja tu, hushuka nyuma. Ndivyo ulivyo mlima. Mgongo wa mlima ndio mpaka wa maji, na mpaka huo hauwekwi na mtu yeyote.

Kisha chukua jani la mpapai ulishike mbele ya jua. Utaona mishipa midogo sana yaingia katika mishipa mikubwa kidogo, nayo yaingia katika mishipa mikubwa, na yote yakutana kwenye kikonyo. Bonde la mto ni kama jani hilo. Ndani ya bonde kubwa mna mabonde madogo, na ndani ya hayo mna mengine madogo zaidi, hata kufikia kijikorongo kilicho kati ya shamba lako na la jirani.

Milima ya Uluguru, iliyo karibu na mji wa Morogoro, ni mfano mzuri. Mto Mgeta, mto Ngerengere na mto Morogoro yote yaanza katika milima hiyo, kila mmoja upande wake. Hatimaye maji yao yote huingia katika mto Ruvu, nao Ruvu huenda baharini karibu na Bagamoyo. Mji wa Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake katika mto huo. Basi mkulima wa Mgeta alimaye kabichi, na mama wa Dar es Salaam afunguaye bomba, wote wawili wamo katika bonde moja, ingawa hawajuani.

Nchi yote ya Tanzania imegawanywa kwa njia hii katika mabonde makubwa 9, na bonde la Wami na Ruvu ni mojawapo. Sheria ya maji ya mwaka 2009 yaruhusu mabonde hayo yagawanywe tena katika sehemu ndogo, ambazo huitwa vidakio, na watu wa kila kidakio wawe na kamati yao. Tunalojifunza hapa, basi, ni kugawanya zaidi, hata kufikia kipande ambacho mkulima aweza kukizunguka kwa miguu yake kati ya asubuhi na adhuhuri.

3. Kwa nini tugawanye

Ziko sababu nne.

Ya kwanza ni mvua yenyewe. Mvua hainyeshi sawasawa kila mahali. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi, kwa maana pepo zitokazo baharini humwaga maji yake zipandapo mlima. Ziko sehemu za upande huo zipatazo zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali mji wa Morogoro, ulio chini ya milima hiyo hiyo, hupata kama milimita 900 tu. Mtu akipima mjini na kusema, "Hii ndiyo mvua ya Uluguru," amejidanganya mwenyewe.

Ya pili ni udongo. Udongo mzito wenye mboji hunywa maji kama gunia kavu. Udongo mwembamba juu ya mwamba hushiba upesi, na kinachobaki hutiririka. Katika habari hii yatupasa kukumbuka jambo lililotokea. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kutunza ardhi ya Uluguru, na wakulima wakaamriwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko. Nia ilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Lakini amri ilikuwa moja kwa milima yenye udongo wa namna nyingi. Palipokuwa na udongo wa kutosha na maji ya kumwagilia, kama katika sehemu za Mgeta zilimwazo mboga, ngazi zilifaa. Palipokuwa na udongo mwembamba, jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mazao yakapungua, na jasho la watu likapotea bure. Mwaka 1955 kukatokea machafuko, na mpango ukaachwa. Nao wenyeji walikuwa na desturi yao tangu zamani, ya kukata ngazi ndogo na kufukia majani ndani yake ili yaoze na kuwa mbolea. Wao walikuwa wamekwisha kuujua udongo wao kipande kwa kipande. Haikuwa dhambi kutaka kuuponya mlima. Kosa lilikuwa kutoa dawa moja bila kumpima mgonjwa kila kiungo.

Ya tatu ni mimea iliyoifunika ardhi. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kama milimita 100 ilinyesha huko Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu. Udongo ukaporomoka katika miteremko, na wachunguzi waliokwenda baadaye walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianza katika mashamba na katika nchi ya majani. Yaliyoanza chini ya miti ya msitu yalikuwa machache mno. Mvua ilikuwa moja, lakini vipande mbalimbali vya mlima viliipokea kwa namna mbalimbali.

Ya nne ni muda. Maji ya karibu hufika upesi, ya mbali hukawia. Habari hii tutaieleza katika sehemu ya 7, kwa kuwa mara nyingi ndiyo ivunjayo madaraja.

4. Jinsi ya kugawanya

(a) Chagua mahali pa kutokea maji. Pawe ni daraja, kivuko, au mahali mfereji wenu unapochepuka kutoka mtoni. Hesabu yote itahusu maji yapitayo hapo, wala si mahali pengine.

(b) Tafuta mpaka. Anza hapo penye daraja, upande wa kulia wa mto, ukapande hata ufike kwenye mgongo wa kilima. Kisha ufuate mgongo huo hata kileleni, ukashuke kwa mgongo wa upande wa kushoto hata urudi darajani. Katika kila hatua jiulize: "Nikimwaga maji ya kibuyu hapa, yatakwenda upande gani?" Kama huna hakika, yamwage kweli ukatazame. Mpaka wa kweli haukati kijito hata kimoja ila pale pale penye daraja. Ukiona umevuka kijito mahali pengine, umepotea, rudi nyuma.

(c) Tafuta makutano ya vijito. Kila mahali vijito viwili vikutanapo, weka alama, kisha fuata mgongo ulio kati yao. Mgongo huo hulikata bonde katika vipande viwili. Fanya hivyo kwa makutano makubwa tu. Ukifuata kila kijikorongo hutamaliza kazi.

(d) Kata tena kwa namna ya nchi. Ikiwa kipande kimoja kina msitu juu na mashamba chini, kigawanye kiwe viwili. Kanuni ni hii: kipande na kiwe kikubwa kadiri nchi yake inavyofanana, na kiwe kidogo nchi inapobadilika. Usigawanye kwa sababu ya mpaka wa ukoo au wa kijiji. Maji hayajui mipaka hiyo.

(e) Pima ukubwa. Hekta moja ni mraba wa mita 100 kwa mita 100. Fanyeni kamba ya mita 50, mpime urefu na upana wa kila kipande, mkichora katika daftari. Katika mteremko mkali shikeni kamba kwa usawa, msiilaze juu ya ardhi, maana mvua huanguka kutoka juu nayo haihesabu urefu wa mteremko.

(f) Kipe kila kipande jina. Majina yafaayo ni yale ambayo wenyeji wameyatumia tangu zamani, kwa kuwa mara nyingi jina lenyewe hueleza tabia ya mahali.

5. Jinsi ya kupima mvua ya kila kipande

Twaa mkebe wenye pande zilizonyoka, mdomo wake na kitako chake viwe na upana mmoja. Usimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, juu ya gogo au ndani ya kigingi, usije ukapinduliwa na kuku. Kila siku saa tatu asubuhi tia rula ndani usome kina cha maji kwa milimita, uandike, kisha umwage. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka.

Weka mkebe mmoja katika kila kipande ikiwezekana. Ikiwa mikebe ni michache, kila kipande kitumie kipimo cha mkebe ulio karibu nacho zaidi. Njia hii ya kugawa nchi kwa mkebe ulio karibu ilielezwa na Mmarekani aitwaye Thiessen mwaka 1911, na hata leo yatumika. Lakini angalia: mkebe ulio karibu kwa macho huenda uko upande wa pili wa mgongo, penye mvua nyingine kabisa. Hapo tumia akili yako.

Nami yanipasa kukiri kosa langu. Asubuhi moja nalisoma kipima mvua kilicho karibu na ofisi yangu, huko chini, nikaona milimita 4 tu. Mzee mmoja akaja kuniuliza kama aweza kuhamishia miche yake ya kabichi kando ya mto. Nikamjibu kwamba mvua ilikuwa ndogo, asiwe na hofu. Lakini mlimani mawingu yalikuwa yametanda tangu usiku, nami sikuinua hata kichwa kuyatazama. Kabla ya adhuhuri mto ukashuka umejaa, ukachukua miche yote pamoja na udongo wake. Mzee yule hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwalimu, chombo chako hakikupanda mlima." Tangu siku ile sijapata kusema habari ya mvua ya mahali ambapo sina mkebe.

6. Hesabu ya maji

Shika kwanza kanuni hii moja: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo milimita 1 juu ya hekta 1 ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Ni mapipa 50 ya lita 200. Haba na haba hujaza kibaba. Na milimita kwa milimita hujaza mto.

Maji hayo yote hayatiririki. Mengine huingia ardhini, mengine hushikwa na majani, mengine hurudi hewani. Sehemu itiririkayo tutaiita fungu la kutiririka. Ikiwa katika kila lita 10 za mvua lita 3 zatiririka, fungu ni 3 kwa 10.

Sasa tuchukue bonde la mfano lenye vipande vitatu. Mafungu tuliyoyaweka ni ya kujifunzia tu. Ya kwenu mtayapata kwa kupima.

Kipande cha kwanza ni msitu, hekta 40. Mvua ya siku hiyo ni milimita 60, na fungu ni 1 kwa 10. Mvua iliyoanguka ni 40 mara 60 mara 10, yaani mita za ujazo 24,000. Iliyotiririka ni 2,400.

Kipande cha pili ni mashamba, hekta 30. Mvua ni milimita 40, na fungu ni 3 kwa 10. Mvua iliyoanguka ni mita za ujazo 12,000. Iliyotiririka ni 3,600.

Kipande cha tatu ni nyumba, njia na viwanja vilivyokanyagwa, hekta 10. Mvua ni milimita 30, na fungu ni 6 kwa 10. Mvua iliyoanguka ni mita za ujazo 3,000. Iliyotiririka ni 1,800.

Jumla ya maji yaliyopita darajani ni mita za ujazo 7,800.

Sasa tazama angehesabuje mtu asiyegawanya. Yeye ana mkebe mmoja tu, karibu na nyumba, wenye milimita 30. Na kwa kuwa huona maji mengi uani mwake, adhani fungu la bonde zima ni 6 kwa 10. Atachukua hekta 80 mara 30 mara 10, apate mita za ujazo 24,000. Na fungu lake litampa 14,400. Amekaribia kuzidisha maji ya kweli mara mbili, naye atataka daraja ambalo kijiji hakina fedha za kulijenga.

Mwingine atatumia fungu la 3 kwa 10 kwa bonde lote, apate 7,200. Huyu amekaribia jibu, naye atafurahi. Lakini amekaribia kwa bahati, maana amepunguza mvua ya msitu na kuongeza fungu lake, na makosa mawili yamefutana. Tena hesabu yake haimwonyeshi maji yametoka wapi. Hesabu ya vipande yaonyesha. Gawanya maji ya kila kipande kwa hekta zake: msitu umetoa mita za ujazo 60 kwa kila hekta, mashamba 120, na penye nyumba 180. Basi kipande kidogo kuliko vyote, kilichopata nusu ya mvua ya msitu, kimetoa maji mara tatu kwa kila hekta. Nani angelidhani hivyo? Watu wa chini walikuwa wakiulaumu msitu kwa sababu uko juu na mvua yake ni nyingi. Kumbe maji mengine yametoka katika njia zao na mapaa yao wenyewe.

Jambo moja zaidi. Fungu la kipande kimoja halikai vilevile mwaka mzima. Mvua za kwanza hukuta ardhi kavu, nayo hunywa sana. Katikati ya masika ardhi imeshiba, na mvua iliyo sawa na ile ya kwanza hutiririsha maji mengi zaidi. Kwa hiyo andika pia mvua ya siku 5 zilizotangulia.

7. Muda wa maji kufika

Mafuriko hayaletwi na wingi wa maji peke yake. Huletwa na maji mengi yafikapo pamoja. Watu 30 wakipita mlango wa kanisa mmoja mmoja, hakuna taabu. Wakitoka wote mara moja, watasukumana.

Tuseme katika bonde letu la mfano maji ya penye nyumba hufika darajani kwa dakika 20, ya mashamba kwa dakika 60, na ya msitu kwa dakika 90. Kila moja lapita kwa zamu yake, na daraja lastahimili. Sasa wakulima wa kipande cha pili wachimba mifereji iliyonyoka, kutoka juu moja kwa moja hata mtoni, ili maji yasikae shambani. Mvua haikuzidi, wala jumla ya mita za ujazo haikuzidi sana. Lakini maji ya mashamba sasa yafika kwa dakika 20, pamoja na yale ya penye nyumba. Siku hiyo daraja huchukuliwa, na watu husema mvua za siku hizi zimekuwa kali. Huenda ni kali kweli. Walakini tazama kwanza mifereji yenu.

Kwa kupima ukubwa wa mfereji, kumbuka hesabu hii: mvua inyeshayo kwa nguvu ya milimita 36 kwa saa juu ya hekta 1, ikitiririka yote, hutoa lita 100 kila sekunde. Fungu likiwa 3 kwa 10, ni lita 30 kila sekunde.

8. Kuisahihisha hesabu mtoni

Hesabu isiyopimwa ni maneno matupu. Simika darajani mti wenye alama za sentimita, usomwe kila nusu saa mto unapojaa. Pima upana wa mto na kina chake cha wastani wakati wa maji machache, kwa kila alama ya mti. Usiingie mtoni wakati wa mafuriko, wala usimtume mtoto.

Ili kujua mwendo wa maji, pima mita 10 kandokando ya ukingo, utupe chungwa katikati ya mto, uhesabu sekunde. Chungwa huelea juu, ambako maji huenda upesi kuliko chini, basi chukua sehemu 8 kwa 10 za mwendo wake. Kwa mfano, mto una upana wa mita 4 na kina cha nusu mita, na chungwa limepita mita 10 kwa sekunde 10. Mwendo wa juu ni mita 1 kwa sekunde, na mwendo wa wastani ni 0.8. Zidisha 4 kwa 0.5 kwa 0.8, utapata mita za ujazo 1.6 kila sekunde. Kwa nusu saa ni mita za ujazo 2,880.

Jumlisha nusu saa zote hata mto utulie, kisha uondoe maji ambayo mto ulikuwa nayo kabla ya mvua. Linganisha na jumla ya vipande. Zikitofautiana sana, usibadili namba za mto ili zipatane na daftari. Badili mafungu ya daftari, upime tena mvua ijayo. Baada ya masika mawili au matatu mtakuwa na mafungu yenu wenyewe.

9. Baada ya hesabu, kazi

Sasa waweza kujua uanzie wapi. Katika mfano wetu, kama wakulima wa kipande cha pili watapanda kwa kufuata usawa wa mteremko, wakaweka mistari ya mabingobingo na kuacha majani yafunike ardhi, hata fungu lishuke kutoka 3 hadi 2 kwa 10, maji yao yatakuwa mita za ujazo 2,400 badala ya 3,600. Mita 1,200 zimebaki mlimani. Hayo ni mapipa 6,000 ya lita 200, yaliyoingia katika udongo wa mwenye shamba, na pamoja nayo udongo wake haukwenda mtoni. Penye nyumba dawa ni nyingine: matangi ya maji ya paa, na mashimo ya kupokea maji ya njia. Msituni dawa ni kuuacha kama ulivyo, kwa kuwa maji uliyoyanywa wakati wa masika ndiyo yatakayotoka katika chemchemi wakati wa kiangazi. Kila kipande na dawa yake.

Tena ukikutana na watu wa chini katika baraza, chukua daftari lako. Neno "nyinyi wa juu" huwasha ugomvi. Lakini watu wote wakitazama namba za kila kipande, pamoja na kipande chao wenyewe, ugomvi hupoa, na kazi hugawanywa kwa haki. Anzeni kabla ya mvua zijazo, maana maji yakimwagika hayazoleki.

10. Maswali ya kujizoeza

(1) Shamba lako lamo katika bonde la kijito gani, nacho chaingia katika mto gani?

(2) Milimita 25 za mvua zimeanguka juu ya hekta 2. Ni lita ngapi? (Jibu: lita 500,000.)

(3) Fungu likiwa 4 kwa 10, ni lita ngapi zimetiririka? (Jibu: lita 200,000.)

(4) Katika bonde lenu, ni kipande gani unachokidhania kuwa hutoa maji mengi kwa kila hekta? Andika jibu lako leo, kisha upime masika moja, uone kama ulisema kweli.